Siku Babu Alipozaliwa na Mwanawe

Katika kila ukoo kuna mtu ambaye hajawahi kugombea uongozi wowote, lakini simu yake huita kila panapozuka mirathi, posa au ugomvi wa shamba. Kwetu mtu huyo ni mimi. Cheo nilikipata msibani: nilikuwa na kalamu inayoandika, nikapewa daftari la rambirambi, na kufikia arobaini nilikuwa nimeshakabidhiwa marehemu wote. Tangu hapo hupigiwa simu kazini na mtu ambaye hatujasemezana tangu Iddi iliyopita. Huanza na "Za masiku?" na kabla sijajibu ananiuliza kama binti fulani wa Pangani anaoleka au ni ndugu.

Shajara yetu imehama sana. Marehemu baba mkubwa aliianza kwenye kaunta buku, wino wa bluu kwa walio hai na mwekundu kwa waliotangulia. Utaratibu huo ulimlazimu kufuta na kuandika upya kila baada ya msiba, mpaka baadhi ya kurasa zikatoboka. Mwanawe akaja kuyaingiza yote kwenye PAF, programu iliyotolewa bure na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, ambao kwa sababu za imani yao hutafuta nasaba za watu wa dunia nzima. Hivyo ukoo wa maimamu na waadhini wa Tanga ukaishi miaka kadhaa ndani ya programu ya Wamormoni wa Utah, na hakuna aliyeugua. Mwaka 2013 kanisa likaacha kuitoa PAF, nasi tukahamia Gramps, programu huria iliyoanza kutengenezwa 2001, isiyodai ada wala kutaka wazee wako wakalale kwenye kompyuta za watu.

Tulihama kwa kupitia GEDCOM, faili la maandishi matupu ambalo kanisa hilohilo lilibuni 1984 ili programu za nasaba ziweze kupeana habari. Toleo lake la 5.5.1 lilitolewa kama rasimu mwaka 1999, na likaja kutangazwa rasmi 2019. Watanzania, wenye kujua rasimu zinavyoweza kukaa, hatukushangaa. Ukilifungua faili lenyewe unakuta mistari mifupi mifupi: INDI ni mtu, FAM ni familia, HUSB ni mume, WIFE ni mke, CHIL ni mtoto, na jina la ukoo linawekwa kati ya vistari viwili vya mshazari.

Sasa kila FAM ina nafasi ya HUSB mmoja na WIFE mmoja, na babu yetu alikuwa na wake wanne. Wamormoni wa mwanzo nao walioa wake wengi mpaka kanisa lilipotangaza kuachana na jambo hilo mwaka 1890, kwa hiyo nilitegemea wajukuu zao wangetukumbuka. Wapi! Babu akagawanywa katika familia nne, na katika kila moja anaonekana mume wa mke mmoja, mtulivu, asiye na pengine pa kwenda. Bibi Mdogo, mke wake wa nne ambaye bado tunaye, alipochapishiwa ukurasa wake aliutazama kwa muda mrefu, akaomba uwekwe fremu.

Jina la ukoo nalo lina mambo yake. Mwingereza hubeba jina moja karne nzima; sisi jina la pili ni la baba, basi kila kizazi kinafungua ukoo mpya. Babu aliitwa Athumani Salehe. (Majina nimeyabadilisha, maana kwetu hapakosekani wakili.) Kila mmoja wa wake zake wanne alitaka kifungua mimba wake wa kiume aitwe jina la baba mkwe, na Babu hakuwa mtu wa kumnyima mke kitu kisicho na gharama. Tukapata Salehe Athumani wanne, tukawatofautisha kwa mitaa wanayokaa. Wote wanne, kwa heshima ya baba yao, wakawaita wanao wa kwanza Athumani Salehe. Adabu njema kabisa, ila ikaja kututoa jasho.

Gramps haikai mahali pamoja. Toleo la 5.2 lilitoka 2024, la 6.0 likafuata 2025, na sisi tulikuwa bado kwenye 5.1, ndani ya laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani na inaishi kwa waya. Sikuona haraka. Lakini nina mpwa anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, na kijana wa namna hiyo akiona programu ya zamani hapati usingizi.

"Shikamoo mjomba. Hii yenu imepitwa na wakati, tuiapdeti."

"Marahaba. Na waliomo humo je, hawajapitwa?"

Nikamwambia asiguse kitu kabla ya kutoa nakala ya akiba, na nakala yenyewe aitoe kwa toleo la zamani. Hapa wengi huenda kinyume: huweka programu mpya kwanza, wakafungua ukoo ndani yake, ndipo wanakumbuka nakala. Toleo jipya husoma mafaili ya la zamani, la zamani halisomi ya jipya, ukishavuka, umevuka. Gramps hutoa nakala za aina mbili. Moja ni faili la .gramps, lenye watu, ndoa, tarehe na maelezo. Nyingine ni .gpkg, yenye hayo yote pamoja na picha. Tukatoa ya .gramps, kwa sababu flashi yetu ilikuwa ya GB 4 na Shangazi alikuwa ameshaijaza video za harusi ya bintiye, ikiwemo moja ndefu sana ya kamera iliyosahauliwa mezani ikirekodi sinia la pilau. Kisha flashi ikarudi kwake Tanga, kwa kufuata kanuni ya watunza data: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Yetu ikakaa ndani ya kopo la biskuti lenye sindano na nyuzi, mahali ambapo mwizi hafiki wala mwenye mali haoni.

Mpwa akafungua ukoo kwa toleo jipya. Programu ikaleta kisanduku cha onyo: ukoo huu umehifadhiwa kwa mfumo wa zamani, ukishapandishwa hautafunguka tena kwenye matoleo ya nyuma, na kazi hii ikikatizwa katikati, ukoo unaweza kuharibika usitengenezeke. Chini ya onyo kuna kitufe kisichosema Sawa wala Endelea. Kinakutaka utamke mwenyewe kwamba nakala umeshaitoa na unaomba ukoo wako upandishwe. Nimeshatia sahihi fomu za mkopo zisizotisha kiasi hicho. Mpwa akakibonyeza huku anajibu meseji. Mstari wa maendeleo ukaanza kutambaa taratibu, ukafika katikati, umeme ukakatika.

Watoto wa mtaa mzima wakaguta "Aaaah!" kama kawaida yao. Sisi ndani hatukuguta. Tulikaa gizani tukiitazama laptopu ambayo sasa ilikuwa ubao tu, na vizazi sita vimo humo, nusu ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile. Umeme uliporudi watoto wakashangilia, mpwa akawasha mashine, akaufungua ukoo. Ukagoma kufunguka.

Nikampigia Shangazi.

"Shangazi, shikamoo. Ile flashi tunaihitaji huku Dar."

"Marahaba mwanangu. Ya harusi?"

"Ya ukoo."

"Ukoo umepatwa na nini?"

"Umeme umekatika wakati tunauhamisha."

Kimya. Kisha: "Mnauhamishia wapi? Na nani kawapa ruhusa?"

Flashi ilikuja kwa basi. Shangazi aliifunga kwenye leso, leso akaitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akauzungushia uzi, na juu akabandika karatasi yenye herufi kubwa: UKOO – USIWEKWE CHINI YA MIZIGO. Kondakta alinipigia akiwa anaingia kituo cha Magufuli pale Mbezi. "Bosi, kuna mzigo wako hapa. Nimeandikiwa ni ukoo. Unakuja peke yako au uje na gari?"

Kurejesha kulikuwa kazi nyepesi kuliko kumweleza kondakta. Faili la .gramps kwa undani wake ni maandishi yaliyobanwa tu. Hata programu yenyewe ikizikwa kesho, mtu akilifungua atayasoma majina ya wazee wake. Mpwa akafungua ukoo mpya mtupu katika toleo jipya, akaliingiza faili humo. Tulikuwa tumeandika kwenye karatasi idadi ya watu na idadi ya familia kabla ya kuhama. Tukalinganisha, zikakubaliana mpaka mtoto mchanga wa mwisho. Picha zilikuwa bado kwenye folda yake ya zamani, maana faili la namna hii halibebi picha, hubeba maelekezo ya picha ilipo. Tukainakili folda, tukaionyesha programu mahali pake, nyuso zikarudi.

Hapo ndipo palipokuwa pa kunywa chai. Mpwa akasema tusafishe kwanza.

Gramps ina zana ya kutafuta watu wanaoelekea kuwa wameandikwa mara mbili. Haimuunganishi mtu na mwenzake kwa nguvu. Inaleta orodha tu na kukuachia mwenye akili uamue. Ila kijana aliyelelewa na simu hajui tofauti ya pendekezo na amri. Mimi nilikuwa nimetoka kwenda kuswali Alasiri. Niliporudi alikuwa amewaunganisha Salehe Athumani wote wanne wakawa mmoja, mtu wa mitaa minne aliyezaliwa na mama wanne. Akina Athumani Salehe wadogo nao wakawa mmoja. Na kwa kuwa Babu naye ni Athumani Salehe, na tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani, programu ilimpendekeza pia, na mpwa akakubali.

Kwa hiyo Athumani akamzaa Salehe, na Salehe akamzaa Athumani yuleyule. Kila mmoja baba wa mwenzake, kila mmoja mtoto wa mwenzake, na Babu akawa babu yake mwenyewe. Sheikh anayetugawia mirathi angeiona chati ile angevua kilemba akaenda kuuza samaki. Waliotengeneza Gramps inaelekea wana wapwa, kwa sababu wameweka zana mahsusi ya kutafuta mizunguko, yaani watu waliogeuka wazao wa nafsi zao. Tukaiendesha, ikatutaja.

Dawa ilikuwa kurudia kuingiza faili la flashi, jambo la dakika chache. Lakini mpwa alikuwa ameshachapa chati ya ukoo kwa PDF na kuitupa kwenye grupu la WhatsApp, na chini yake ameandika "Toleo jipya, safi kabisa."

Majibu yakaja kwa sauti. Wa tumbo la bibi wa pili waliona Salehe wao hayumo, au yumo lakini ana mama wengine watatu, na hapo hapo wakakumbuka kwamba kuna shamba la minazi ambalo halijagawanywa. Mmoja akauliza kwa upole wa kutisha nani hasa amelipia hiyo programu mpya. Nikajibu ni ya bure. Akasema, "Ndiyo maana nauliza." Binamu zetu walioko Muscat, ambao shajara yao wanaiweka kwenye programu nyingine, wakasema wanatuma faili lao la GEDCOM ili haki ionekane.

Faili lao likaja na kizaazaa cha tarehe. Wazee wetu huhesabu kwa miezi ya Kiislamu. Shangazi anajua kwamba bibi yake alizaliwa Mfungo Sita, mwaka ambao nzige walimaliza mihogo, na hataki kusikia tarehe nyingine. Gramps inaijua kalenda ya Hijria. GEDCOM ya 5.5.1 haiijui. Ina nafasi ya kalenda ya Gregori, ya Juliasi, ya Kiyahudi, na hata ile ya Mapinduzi ya Ufaransa, iliyoanza kutumika 1793 na haikumaliza miaka kumi na mitano. Mfaransa aliyezaliwa kwenye purukushani ile amewekewa kiti. Mamilioni kwa mamilioni ya watu waliozaliwa Rajabu na Shaabani wamesimamishwa mlangoni. Kiwango kinaruhusu kuandika tarehe kama maneno matupu ndani ya mabano, na hivyo ndivyo jamaa zetu wa Muscat walivyotufikia: wamo kwenye mabano, hawapangiki kwa umri, mtoto juu na baba chini.

Basi Iddi ilipofika, ukoo ukakutana Tanga kwenye baraza la Shangazi, na mpwa akaombwa aeleze. Kijana ana nia njema, jamani. Ili kuonyesha kwamba kazi sasa imekaa sawa aliendesha zana ya kuhakiki data, ile inayotafuta mambo yasiyoingia akilini: aliyeoa mtoto mno, aliyeoa mzee mno, aliyefunga ndoa baada ya kufariki, mume aliyemzidi mke umri kupita kiasi. Akaunganisha laptopu na televisheni ya sebuleni, akageuzia skrini barazani, na akaanza kusoma ripoti kwa sauti.

"Namba moja. Wenzi wengi kupita kiasi: Athumani Salehe."

Wazee wakacheka, marehemu akasifiwa.

"Namba mbili. Mtu mzima na hajaoa."

Akataja jina. Mwenye jina alikuwa ameshika sahani ya biriani mbele ya mama yake. Mama mtu akasema, "Endelea kusoma, baba, sauti ipande kidogo."

"Namba tatu. Ndoa ya mapema mno."

Huyo alikuwa baba mdogo. Kama wafanyakazi wengi wa zama zake, baba mdogo alizaliwa mara mbili: 1949 nyumbani, na 1957 kazini, ili miaka 60 ya kustaafu isimkute mapema. GEDCOM na Gramps zote huruhusu mtu kuwa na tarehe mbili za kuzaliwa, na huichukua ya kwanza kuwa ndiyo. Ya kwanza siku zote ilikuwa ya nyumbani. Mpwa, kwa kuwa ya kazini ina cheti na ya nyumbani ina Shangazi tu, alikuwa amezibadilishana. Baba mdogo alifunga ndoa 1971. Programu ikamkuta bwana harusi wa miaka 14, na Shangazi, aliyezaliwa 1953, akawa dada mkubwa wa kaka yake.

Baba mdogo akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nilikuwa mtoto mwenye majukumu," akasema.

"Basi niamkie," Shangazi akamjibu.

"Namba nne," mpwa akaendelea, maana hakuna aliyemkanya kwa wakati. "Umri mkubwa na hana tarehe ya kifo."

Kikapita kimya cha kweli. Bibi Mdogo, aliyekuwa kwenye kiti chake cha ukindu akidhaniwa amesinzia, akafungua macho. "Hiyo mashine ina haraka gani?"

Laptopu ikazimwa, kikao kikafunguliwa, nami nikapewa kalamu. Maazimio yalipita bila kupingwa, na kwa kuwa yanafaa hata kwa koo zisizo na minazi, nayanakili kama yalivyo.

Kwanza, ukoo usipandishwe toleo kabla toleo la zamani halijatoa nakala yenye watu na picha zao, na nakala hiyo ijaribiwe kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Flashi iwe mpya, na harusi zitafutiwe flashi yao.

Pili, idadi ya watu na ya familia iandikwe kabla ya kuhama na baada ya kuhama, na karatasi isainiwe na mpwa pamoja na Shangazi. Programu ya zamani isiondolewe mpaka sahihi zote mbili zionekane.

Tatu, kazi hii isifanywe kwa laptopu inayoishi kwa waya.

Nne, marufuku kuwaunganisha watu wawili bila mmojawapo kuulizwa, na kama wote wameshatangulia, waulizwe wajane.

Tano, anayehama ndani ya programu ileile asipitie GEDCOM. Jamaa wa Muscat watolewe mabanoni mmoja mmoja, kwa mkono, kwa hisani ya mpwa wakati wa likizo.

Sita, baba mdogo abaki na tarehe zake zote mbili, ya nyumbani itangulie, na ya kazini iwekewe alama ya kufuli ya mambo ya faragha, ili ukoo ukitolewa kwa watu wa nje ibaki ndani. Zana ya kuhakiki iendelee kutumika, lakini ripoti yake isomwe na mtu mmoja, peke yake, akiwa ameshiba.

Nilipouliza kama kuna jingine, Bibi Mdogo akainua mkono. Alitaka kujua ile programu ya kwanza, ya Wamormoni, iko wapi siku hizi. Mpwa akamweleza kwa adabu kwamba iliachwa 2013, haitengenezwi tena.

"Niandikie," Bibi akaniambia, "kwamba ile nimeizika, na hii nayo nitaizika."

Nikaandika. Ni azimio la saba.